Mgeni wa Mgeni

Safari ya kutoka Kisangani hadi Butembo ilinichukua siku kumi na saba juu ya lori la Saidi, na kitu pekee nilichojifunza njiani ni kwamba mzigo wa mwisho kushuka ndio wa kwanza kupakiwa. Saidi alikuwa dereva na mwenye lori, Mwislamu wa Beni aliyeswali kando ya barabara hata mvua inyeshe, na kwa habari ya upakiaji hakuwa na msamaha. Kabla hatujaondoka alimfukuza mpakiaji aliyeweka magunia ya Eringeti chini kabisa na kuyafunika kwa mapipa ya mawese ya Butembo. Eringeti tungefika kwanza. Ingebidi tushushe lori zima kwenye matope ili tuyafikie magunia yale. Sisi abiria tulikaa juu ya vyote, kwa hiyo kwa sheria yake ndio tulioshuka mara nyingi zaidi: kwenye kila daraja bovu tuliteremshwa, tukavuka kwa miguu, tukaparamia tena. Nilikuwa na miaka thelathini na tatu, diploma ya serikali, ile ya kumaliza sekondari, ndani ya mfuko wa plastiki, na mashati mawili. Nilikuwa nimeshaishi katika miji mitano, na yote mitano niliiacha bila kuaga.

Baada ya Komanda tulianza kuwapita watu. Walikuwa wanakimbia mauaji ya vijijini, wakielekea kusini kama sisi, magodoro kichwani, mbuzi wakivutwa kwa kamba, wazee wakisukumwa juu ya baiskeli. Mwanamke mmoja alishika mlango wa dereva na kukimbia nasi hatua kama ishirini, akiongea na Saidi kwa Kinande bila kupaza sauti, kana kwamba wanapatana bei ya nyanya. Saidi hakupunguza mwendo. Baadaye, tulipokuwa tunakula makayabu pale Mbau, nilimwuliza kwa nini, naye akanijibu huku akitoa miiba: "Nikibeba moja, minabeba bote. Nikibeba bote, gari inalala. Sasa niambie wewe, nani njo mubaya?" Nilimaliza samaki wangu.

Ninayaandika haya sasa kwa sababu Ingénieur Mbusa amefariki. Wanafunzi wake wa zamani wameunda kikundi cha simu cha kumkumbuka, na mmoja wao, sijui aliipata wapi namba yangu, ameniomba mistari kumi kumhusu. Nimesoma ya wengine. Wanasema alikuwa mkali lakini mwenye upendo, kwamba aliwafundisha kufikiri, kwamba alikuwa baba. Nimejaribu mara nne kuandika mistari yangu kumi hapa nilipo, katika mji wangu wa tisa, na kila mara inayokuja ni nyumba niliyopanga mtaa wa Bulengera, Butembo, moshi wa jiko lake, na watu waliokuwa wakilala ndani yake. Basi nimeacha kuhesabu mistari.

Nilipata chumba kwa Mama Kavira, mjane, shemasi wa kanisa la Kiprotestanti, mwenye nyumba ya matofali ya vyumba vitatu na jiko la mbao nje. Butembo ni mji wa baridi, na mimi nilitoka kwenye joto la mto. Wiki za kwanza nililala na mashati yote mawili mwilini. Chumba changu kilikuwa na kitanda, msumari mmoja ukutani, na dirisha lililotazama jikoni, kwa hiyo niliyasikia yote. Chumba kikubwa kilikuwa cha mwenye nyumba. Katika cha tatu aliishi Mama Zawadi na watoto wake wanne, waliokimbia kutoka Mbau. Na ndani ya chumba hicho hicho, nyuma ya kitenge kilichotundikwa kwenye kamba, waliishi mwanamke aitwaye Kanyere na mama yake mzee tuliyemwita Koko. Hao walitoka mbali zaidi, Eringeti. Walipokimbia mara ya kwanza, Mama Zawadi aliwapokea kwake Mbau. Mbau nayo ilipokuwa si mahali pa kulala, wote walikuja Butembo, na Mama Kavira akampokea Mama Zawadi. Kanyere, Mama Kavira hakumpokea. Hakumkataa pia. Alisema tu kwamba yeye amemfungulia Zawadi, na anachobeba Zawadi mgongoni ni shauri la Zawadi.

Huo haukuwa ubaya wake peke yake. Ndivyo walivyoishi wote waliokimbia barabara ile: aliyekupokea ndiye anayekusemea. Kanyere akitaka kuazima sufuria kubwa alimwomba Mama Zawadi, na Mama Zawadi alimwomba Mama Kavira, ambaye alikuwa ameketi hatua tatu kutoka hapo akichambua maharage na amekwisha kusikia kila neno. Mama Kavira alijibu kwa Zawadi, na Zawadi akageuka na kumrudishia Kanyere jibu. Mara ya kwanza nilicheka. Kanyere aliniona dirishani, akaniambia kwamba mimi niliyeingia bila kupokelewa na mtu, kwa kulipa tu kama mtu wa hoteli, sina wa kunisemea hata nikifa kitandani. Alikuwa na ulimi mkali na mzuri. Chakula kilifuata njia ile ile ya sufuria: bugali ulikatwa kwanza kwa mwenye nyumba, kisha kwa Zawadi na watoto, na kilichobaki pembeni pamoja na mchuzi wa sombe, yaani majani ya mihogo, kikavuka kitenge. Mimi nililetewa sahani yangu chumbani. "Vieux," aliniambia Kanyere, yaani mzee, siku moja nilipoiacha nje ya mlango, "unaandikaka batu bote ya mujini, lakini kuosha sahani moja hapana." Tangu siku hiyo niliiosha, na yeye alisimama akiikagua kama polisi wa barabarani.

Kuandika ndiyo ilikuwa kazi yangu. Nilipiga chapa barua na risala katika duka la fotokopi katikati ya mji, na huko Ingénieur Mbusa aliniona nikitumia vidole vyote kumi bila kuangalia chini. Alifundisha compilation katika taasisi moja ya juu, yaani jinsi mashine inavyosoma maandishi ya mtu na kuyaelewa, na alihitaji mtu wa kupiga chapa kitabu cha somo ambacho wanafunzi wangenunua. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ndogo, koti la ngozi, na viatu ambavyo matope ya Butembo yaliogopa kuvigusa. Mimi sikusoma chuo. Niliyoyajua juu ya mambo haya yaliniingia kwa vidole, ukurasa baada ya ukurasa, na niliposhangaa kitu nilimwuliza Masika, mwanafunzi wake wa mwaka wa mwisho, aliyetumwa kusahihisha makosa yangu. Alivaa koti la kiume lililomfika magotini na kula parachichi kwa kijiko huku akisoma kwenye skrini. Alinieleza bila kunidharau, jambo ambalo mjini mle lilikuwa karibu ajabu.

Kwanza, alisema, maandishi yanakatwa vipande: hili ni jina, hii ni tarakimu, hili ni bano. Kazi hiyo inafanywa na vielelezo vifupi vinavyoitwa expressions régulières, na kielelezo ni kama mlinzi wa lango asiye na kumbukumbu. Anaangalia herufi iliyo mbele yake, anaamua, anasahau. Kwa kukata vipande anatosha kabisa. Lakini ukimwuliza kama mabano yote yaliyofunguliwa yamefungwa, kila moja mahali pake, hawezi, kwa sababu ingempasa akumbuke mangapi bado yako wazi, na hakuna ajuaye mapema yatakuwa mangapi. Hapo zinahitajika kanuni za sarufi, na mashine yenye rundo, automate à pile. Bano likifunguka unaweka kitu juu ya rundo. Likifungwa unaondoa cha juu. Ukifika mwisho na rundo ni tupu, maandishi yanakubalika. Nilimwambia kwamba hilo ni lori la Saidi, nikamsimulia mpakiaji aliyefukuzwa. Masika alifikiri, akalamba kijiko, akasema ndiyo, ila mashine haifukuzi mpakiaji.

Ingénieur alifundisha rundo kwa matofali. Nilikuwepo mara nyingi, nimepeleka kurasa za kusahihishwa, nikaketi nyuma. Alimwita mwanafunzi mbele, mikono imenyooshwa, kisha akaandika ubaoni mstari wa mabano na kuusoma polepole kwa ile sauti yake ndogo. Bano likifunguka, tofali moja la kuchomwa linawekwa juu ya mikono, likifungwa, linaondolewa. Mistari yake mingi ilikuwa na kasoro makusudi: mabano yaliyofunguka na kusahauliwa. Mwanafunzi alibaki na matofali mikononi, na sheria ilikuwa kwamba hayashushi mpaka yeye mwenyewe aone kasoro iko wapi. Wakati huo Ingénieur aliuliza habari za nyumbani kwake, za mchumba wake, kama baba yake alijua anasomesha mashine ya kubeba. Darasa lilicheka. Nilimwona kijana mmoja mnene akilia kimya, matofali manne yakitetemeka juu ya mikono, na hata aliyeketi karibu nami, aliyekuwa rafiki yake, alicheka mpaka akafuta macho. Leo wanaandika kwamba aliwafundisha kufikiri. Labda. Mimi niliona aliwafundisha kucheka kabla hawajachekwa.

Katikati ya mwaka ilikuja kazi ya orodha. Shirika moja lilikuwa linataka kugawa chakula kwa waliokimbia, na watu wa kujitolea walikuwa wamezunguka Beni, Mbau na Butembo wakiandika nyumba kwa nyumba. Hawakuandika kwa safu na vyumba kama ofisi inavyotaka. Waliandika kama watu walivyowajibu: jina la mwenye nyumba, kisha mabano, na ndani yake wale aliowapokea, na kama mmoja wao naye amepokea mtu, mabano mengine ndani ya mabano. Sisi tuliopiga chapa tulinakili vile vile. Kurasa zilikuwa nyingi mno kusomwa na macho, na Ingénieur alichukua kazi ya kutengeneza programu ya kuzisoma na kutoa majina ya mgao. Masika aliandika kanuni yake kwenye kipande cha karatasi, mistari mitatu, ninaikumbuka mpaka leo: Nyumba ni jina na mabano. Ndani ya mabano kuna watu. Mtu ni jina peke yake, au ni nyumba. Alisema ukishasema hivyo, na ukiwa na rundo, hata wageni wakiingiana mara kumi hakuna anayepotea.

Nyumba yetu niliipiga chapa mwenyewe. Kanyere alikuja dukani siku hiyo, kufuata chumvi mjini, akasimama nyuma ya kiti changu akitaka kuona jina lake. Nilimwonyesha: Kavira, bano, Zawadi, bano, watoto wanne, Kanyere, bano, Koko, kwa jina lake la ubatizo, bano, bano, bano. Alifuata kwa kidole bila kugusa kioo. "Niko ndani kabisa," alisema, "sawa mutoto mu mugongo." Alifurahi. Aliniuliza mara mbili kama nimeandika vizuri, na mimi nikamwambia hata akitafutwa Kinshasa ataonekana.

Ingénieur hakutumia rundo. Alilifundisha kila wiki kwa mikono ya watu, lakini programu yenye rundo ilikuwa imeshaandikwa na Masika, ikifanya kazi, na kuipeleka kungekuwa kukiri kwamba ni ya Masika. Shirika lilitaka kuiona kazi Beni baada ya siku chache. Yeye akatengeneza yake kwa vielelezo vitupu, kwa haraka: mlinzi wa lango anayesoma kuanzia bano linalofunguka hadi linalofungwa, na ndani yake akaruhusu bano moja zaidi, basi. Ngazi mbili. Masika alimwambia mbele ya darasa kwamba ya tatu itamezwa, pamoja na jina la aliyeifungua, bila kelele yoyote, programu haitalalamika, majina yatatoweka tu. Ingénieur aliweka chaki chini. "Mugeni ya mugeni?" alisema. "Mutu analala kwa huruma ya mwenzake, na yeye pia anapokea batu? Mademoiselle, iyo ni hadisi. Kwetu mutu anapokea akiwa na nyumba." Kisha akamwita mbele.

Alichukua ukurasa halisi wa orodha, akausoma. Masika alinyoosha mikono ndani ya lile koti refu. Tofali, tofali, toa, tofali, toa, toa. Alisoma ukurasa mzima, na baada yake wa pili, akichagua nyumba zilizojaa, na kwa muda Masika alikuwa na matofali matatu, manne, mara moja matano, kisha yakashuka. Hakukosea. Kila nyumba ilipokwisha mikono yake ilikuwa mitupu. Mtu yeyote mwenye macho aliona alichokuwa anathibitisha kwa mwili wake: ngazi ya tatu ilikuwepo, na ya nne, na ya tano, pale pale kwenye karatasi. Ingénieur pia aliona. Alikunja karatasi akasema, kwa upole, "Muzuri. Shirika likitaka punda, nitawapa jina yako." Darasa lilipasuka. Na mimi nilicheka. Sikuchekeshwa, nilicheka kwa sababu alikuwa ameinua macho na kunitazama mimi, wa nyuma, mpiga chapa, na niliona kwamba tofali linalofuata ni langu. Masika alipita karibu nami akitoka, vumbi jekundu limemjaa kifuani. Hakunitazama. Baada ya hapo alikuja kusahihisha makosa yangu na kuondoka bila kufungua parachichi.

Siku moja kabla ya kwenda Beni kuonyesha kazi, Ingénieur aliniachia programu niijaribu. Nilifanya kitu cha kwanza ambacho mtu yeyote angefanya: nilitafuta nyumba yangu. Kavira alikuwepo. Zawadi alikuwepo, na watoto wanne. Baada yao ilikuja nyumba ya jirani. Nilirudia mara tatu. Nilikuwa ninajua hasa kwa nini hawapo, nilikuwa nimepiga chapa sababu yake kwa vidole vyangu katika sura ya nne ya kitabu. Ningeweza kuwaongeza Kanyere na Koko kwa mkono, mistari miwili. Lakini hapo ningelazimika kueleza kwa nini ninaongeza kwa mkono katika kazi ya mashine, na kueleza kungenipeleka mbele, mikono imenyooshwa. Nilijiambia kwamba kutakuwa na orodha ya pili. Huwa kuna orodha ya pili.

Beni tuliketi katika bureau, yaani ofisi, ya shirika, joto limerudi mwilini mwangu kama ndugu aliyepotea. Madame aliyekuwa mkubwa wa hapo alikuwa mtu makini. Alimsikiliza Ingénieur mpaka mwisho, akatazama majina yakishuka kwenye skrini, kisha akauliza nani amepiga chapa kurasa. Nikainua mkono. Akaniuliza mimi, si yeye, kama majina niliyoyaandika yote yametoka. Ingénieur alikuwa anasafisha miwani yake. Nilisema, "Yote yamesomwa, Madame." Ilikuwa kweli kwa namna ya mjanja, maana mlinzi alikuwa ameyapitia yote na kuyasahau. Mchana Ingénieur alinipeleka kwenye mkahawa wa Waislamu karibu na soko, tukala wali na nyama ya mbuzi, na akanisifu kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Alisema mimi ni mtu anayejua nafasi yake. Nyama ilikuwa laini sana. Nimekula mbuzi katika miji mingi tangu hapo na sijapata iliyo laini kama ile, na mara nyingi ninajiuliza kama mwili una aibu yake yenyewe au unasubiri tu kuambiwa.

Mgao wa kwanza Butembo ulifanyika katika uwanja wa shule ya kanisa. Majina yaliitwa kwa kipaza sauti tangu asubuhi. Mama Zawadi aliitwa mapema, akapewa unga, maharage na mafuta kwa watu watano, idadi kamili ya kinywa chake na vya watoto wake. Kanyere na Koko walikaa kwenye nyasi hadi vipaza sauti vikafungwa kwenye gari. Niliporudi nyumbani alikuwa anawasha moto kana kwamba hakuna kitu. "Jina yangu haiko," aliniambia bila kugeuka. "Pengine nilikufa, na hapana kunijulisha." Nikamwambia kuna orodha ya pili. Aliniuliza lini. Nikasema karibu.

Usiku wa nyumba ile ulibadilika. Zamani kilichobaki kilivuka kitenge. Sasa kilikuwa kimepimwa, na Mama Zawadi alikuwa na watoto wanne. Sikumsikia akimtukana Kanyere hata mara moja. Nilimsikia akiwaambia watoto, kwa sauti ya kusikika nyuma ya kitenge, kwamba unga huu ni wetu, una majina yetu. Nilimsikia Mama Kavira akimwambia Zawadi kwamba hataki kuona ugomvi kwake, na Zawadi akigeuka na kumpa Kanyere maneno hayo, kwa njia ile ile ya sufuria. Nilianza kuacha nusu ya sahani yangu. Kanyere aliirudisha mlangoni mwangu mara mbili. Ya tatu aliichukua, na hakunitania tena juu ya kuosha. Mwezi wa pili baada ya mgao alisema mihogo yake ya Eringeti imekomaa ardhini na hakuna anayeila, na kuna wanawake wanaokwenda kuvuna asubuhi na kurudi kabla ya jua kuzama, askari wako barabarani. Koko alimkataza kwa Kinande, kwa muda mrefu, kwa sauti iliyochoka. Kanyere alipanda gari la mizigo siku ya Jumanne na kikapu kitupu. Wachuuzi waliotoka kule mwishoni mwa wiki walileta habari ya wanawake watatu waliouawa shambani. Majina hawakuwa nayo. Koko aliuliza kila aliyepita ni nguo ya rangi gani waliyoona, na mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa na moyo wa kumjibu.

Malalamiko yalikuwa yamejaa pale bureau, na Ingénieur hakuwa mjinga. Alimwita Masika, akachukua programu yake yenye rundo, akaweka jina lake mwenyewe juu, na kuipeleka Beni kama toleo la pili. Nilimkuta Masika dukani akiisafisha kwa ajili hiyo, nikamwuliza anakubalije. "Jina yangu naweza kuacha," alisema. "Yao, hapana." Kisha akageuza kiti akanitazama kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya matofali, na kuniuliza kama nilipojaribu toleo la kwanza niliona majina hayapo. Nilisema sikuona. Alirudi kwenye skrini yake.

Mgao wa pili uliangukia siku ya mawingu. Mimi nilikuwa mezani na kompyuta, karibu na mtu wa kipaza sauti, kazi yangu ikiwa kuandika mbele ya kila jina: amekuja, hakuja. Programu ya Masika ilisoma kila kitu. Shirika lilikuwa limejifunza pia jinsi watu wanavyoishi na kuifanya sheria: aliyekupokea anakuja pamoja nawe, anaweka kidole, anakusemea, mwezi hadi mwezi. Zawadi aliitwa, akachukua vyake, akarudi kusimama kando. Ndipo likaitwa jina la Kanyere. Liliitwa mara tatu, kwa sauti safi, mahali pake hasa, na baada yake, ndani yake, jina la Koko. Koko alisimama peke yake akaja hadi mezani akiegemea fimbo. Mtu wa kipaza sauti alimwuliza nani anamsemea. Koko alisema mtoto wake amekwenda shambani. Yule mtu alikuwa mwema. Alieleza kwamba mtu mzima yeyote wa nyumba ile anaweza kuweka kidole badala yake, mradi aje naye kila mgao, asikose hata mmoja. Mama Zawadi alitazama gunia lake. Kisha Koko akageuka, akainua fimbo kidogo, akanionyesha mimi.

"Ule pale njo ya nyumba yetu," alisema. "Anajua jina yangu. Alikuwa anatuachiaka chakula."

Wote walinitazama. Pedi ya wino ilikuwa mbele yangu, wazi. Nilifikiria mwezi ujao, na ule unaofuata, na kukaa katika chumba kile nikimsikia nyuma ya kitenge, na kuulizwa siku moja kwa nini jina la binti yake halikuitwa mara ya kwanza. Nikasema, kwa Kiswahili cha kwao ili aelewe vizuri, "Koko, mimi ni mupita njia tu."

Hakukasirika. Alinitazama muda ambao mtu hutumia kusoma kibao cha duka, akaitikia kwa kichwa polepole kama aliyepata alichokuwa anauliza. "Bon," alisema. "Basi, safari muzuri, mutoto yangu."

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote kwamba ninaondoka. Mimi mwenyewe nilikuwa sijajua. Niliandika mbele ya majina yote mawili kwamba hawakuja, kwa sababu ndivyo sheria ilivyotaka, nikamwachia mtu wa kipaza sauti kompyuta nikisema ninakwenda haja. Nyumbani hapakuwa na mtu. Nilichukua mashati, mfuko wa plastiki, na sahani yangu niliiacha ndani, chafu. Gari la kwenda Kasindi, mpakani, lilikuwa limebakiza nafasi moja, nyuma, juu ya magunia, na kondakta aliniuliza kama kuna mtu wa kunisindikiza au tuondoke. Nikamwambia tuondoke.